Risasi moja, kongoni wawili: uchambuzi wa kisa kutoka mapori ya Tabora

Kikundi na silaha zao

Kisa hiki kilitokea kwenye eneo la wazi la uwindaji mkoani Tabora, ndani ya msitu wa miombo, wa miti ya mitundu na mininga. Kiangazi moto ukishapita, nyasi huchipua upya na kongoni hushuka mbugani kuzifuata. (Mbuga kwa huku kwetu ni bonde la udongo mweusi lisilo na miti.) Wilaya, mwaka na majina nimeviondoa. Wahusika wameridhia, na mmoja wao ndiye aliyenisukuma nikiandike.

Tulikuwa watano. Mzee, mkulima wa tumbaku aliyepita miaka 60, amewinda kwa leseni tangu ujana wake. Kijana, mtoto wa mdogo wake, ndiyo kwanza alikuwa amepata umiliki wa bunduki na leseni ya uwindaji wa wenyeji. Alikuwepo mfuata nyayo, na askari wa wanyamapori aliyepangiwa kutusimamia. Wa tano ni mimi. Nimewinda miaka mingi, lakini safari hii kazi yangu ilikuwa nyama: kuchuna, kukagua, kukata na kuanika. Mchunaji huona jambo ambalo mpigaji halioni, yaani kile risasi ilichokifanya ndani.

Leseni ya Kijana ilikuwa ya kongoni wawili na swala pala mmoja. Bunduki yake ni ya .30-06, yaani inatumia aina ya risasi iliyoanza Marekani mwaka 1906 kama risasi ya jeshi na leo imeenea kwa wawindaji wa dunia nzima. Kwa swala wa miombo inatosha kabisa. Kosa la kisa hiki halikutoka kwenye bunduki.

Kabla sijaendelea, Kiswahili kinatuponza kidogo hapa. Neno "risasi" tunalitumia kwa vitu vitatu: kile kitu kizima chenye ganda, fataki, baruti na kichwa, kichwa peke yake kinachoruka, na madini mazito ya kijivu yaliyomo ndani ya kichwa hicho. Ndiyo maana mtu anaingia dukani anasema "nipe risasi za .30-06", anapewa, anaondoka, na swali la maana kuliko yote halijaulizwa: kichwa chake ni cha aina gani?

Vichwa vya Kijana vilikuwa vya greni 150, karibu gramu 10, vyenye koti la shaba lililofunika ncha yote. Wawindaji wetu huviita "solidi", ingawa solidi ya kweli, ile ya tembo, ni kitu kingine kizito zaidi. Hivi vya Kijana ni vichwa vya mtindo wa kijeshi.

Kwa nini walichagua hizo

Aliyenunua ni Kijana, kwa leseni yake. Aliyechagua ni Mzee, na sababu zake zilikuwa tatu. Nazieleza kwa kirefu kwa sababu nimezisikia kambi nyingi, na hakuna hata moja iliyo ya kipumbavu.

Ya kwanza ilikuwa bei. Ya pili ilikuwa nyama: kichwa kilichofungwa ncha hupita na kutoka bila kuvuruga, wakati kile chenye ncha laini (madini ya risasi yameachwa wazi nchani) hupasua na kuacha bega zima limevilia damu. Mzee aliwahi kupoteza mkono mzima wa tohe kwa sababu hiyo, na hakusahau.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa na uzito. Mzee ni Mwislamu mshika dini. Alitaka mnyama aanguke akiwa hai ili kisu kimuwahi. "Mnyama akifa kabla sijafika," alimwambia Kijana mbele yangu jioni ile tukipanga kambi, "nyama hiyo nitamlisha nani nyumbani?" Kijana akajibu, "Nimekuelewa, Bamkubwa." Mimi nilisikia, nikaendelea kufunga turubai. Nilijua kichwa kile si cha kongoni, na sikusema. Nilimstahi Mzee, nikaona si mahali pangu. Hilo nalihesabu kuwa kosa langu katika kisa hiki.

Asubuhi ya mbugani

Tuliacha gari mbali, maana kupiga mnyama kutoka kwenye gari ni kosa kisheria, na kusema kweli ni aibu pia. Saa moja kasoro asubuhi mfuata nyayo aliwaona: madume saba ya kongoni pembeni mwa mbuga, mmoja amesimama juu ya kichuguu akilinda wenzake kama kawaida yao. Upepo ulitujia usoni. Tuliwakaribia kwa kufuata mstari wa vichuguu hadi mita 140 hivi.

Kijana aliweka bunduki juu ya miti mitatu iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Dume alilolichagua lilikuwa limekaa ubavu, yaani limesimama likitupa ubavu wake mzima, mkao mzuri kuliko yote. Nyuma yake, kama hatua kumi na tano, alisimama dume mwingine, nusu amefichwa na nyasi. Sisi sote tulimwona. Hakuna aliyesema "subiri".

Risasi ilipotoka tulisikia kishindo cha kupata, kama mtu kapiga gunia la pamba kwa fimbo. Dume likainua miguu ya mbele, likakimbia na wenzake. Mfuata nyayo akasema neno moja: "Wawili." Aliona wa nyuma naye akijikunja mgongo.

Hapo uamuzi wa pili mbaya ukafanyika. Mzee alichomoa kisu akaanza kukimbia. Alitaka kuwahi kuchinja, nasi tukamfuata. Mnyama aliyepigwa mapafu akiachwa atulie, mara nyingi hulala karibu na kufia hapo. Akisikia miguu nyuma yake, hujikaza na kwenda mbali kuliko mtu anavyoweza kuamini.

Pale walipopigwa tulikuta matone machache mekundu ya kung'aa yenye povu dogo. Hiyo ni damu ya mapafu. Hatua kadhaa mbele kulikuwa na tone jingine, jeusi, limeshikamana na majani yaliyotafunwa. Hilo ni la tumbo, na lilikuwa la yule wa pili. Askari aliamua, na nadhani aliamua sawa: tufuate kwanza aliyepigwa mapafu, yule wa tumbo tumwache alale asisukumwe.

Dume la kwanza tulilifuata kwa saa nne, karibu kilomita tatu, ndorobo wakitung'ata shingoni. Damu ilikuwa tone moja kila hatua ishirini, kisha hamna, kisha tone. Ustadi wa mfuata nyayo ndio uliotufikisha. Tulilikuta limelala chini ya mtundu, kichwa juu, likitutazama. Lilijaribu kuinuka likashindwa. Mzee alichinja. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na si kwa uchovu.

Wa pili tulimtafuta hadi giza likatuzuia. Tulimpata asubuhi ya pili kwa kufuata tumbusi waliokuwa wakizunguka. Fisi walikuwa wamemtangulia, na kwa jinsi nyasi zilivyokuwa zimelazwa kwa mduara mpana, walimkuta bado yu hai.

Nilichokiona wakati wa kuchuna

Dume la kwanza nililifungua taratibu, nikamwita Kijana achuchumae kando yangu. Tundu la kuingilia nyuma ya mkono lilikuwa dogo, lingeziba kwa ncha ya kidole cha mwisho. Ngozi ilikuwa imeteleza juu yake na kuliziba, ndiyo maana damu haikumwagika chini bali ilijaa kifuani polepole. Tundu la kutokea lilikuwa lile lile kwa ukubwa. Kichwa kilipita kati ya mbavu mbili bila kugusa mfupa, kikachora mstari mwembamba mwekundu kwenye mapafu, kikatoka upande wa pili kikiwa na nguvu karibu yote, kikaenda kumpasua mwenzake tumbo.

Kulenga kulikuwa sawa. Mahali pale pale, kwa kichwa kinachofunguka, mnyama asingemaliza dakika moja.

Kijana aliingiza kidole kwenye lile tundu, akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi sikukosea?" Nilimwambia alikosea kupiga wakati kuna mnyama nyuma. Mengine yaliamuliwa dukani.

Askari aliandika taarifa yake. Yule wa pili alihesabiwa kwenye leseni, kwa hiyo kongoni wawili walikuwa wamekwisha. Swala pala hatukumtafuta. Mzee mwenyewe alisema turudi nyumbani.

Mazungumzo na majaribio

Wiki mbili baadaye Mzee alituita kwake. Nilitegemea angetetea uamuzi wake. Badala yake aliuliza: mnyama anayewindwa hufa kwa nini hasa?

Nilimjibu hivi. Mnyama hufa pale ubongo unapokosa damu. Njia ya uhakika ni kuvunja mtambo wa damu kifuani, yaani moyo, mapafu na mishipa mikubwa. Kichwa chembamba kisichofunguka hutoboa, na tundu jembamba huvuja polepole. Kichwa kinachofunguka hupanuka hadi karibu mara mbili ya unene wake, kikachana njia pana, damu ikatoka kwa sekunde na si kwa saa. Tena hutumia nguvu zake ndani ya mnyama, hivyo hata kikitoka upande wa pili hakina kasi kubwa ya kwenda kudhuru aliye nyuma, awe mnyama au mtu anayerina asali.

Historia imepindisha jambo hili. Mwaka 1899 mataifa yaliyokutana The Hague yalikubaliana kutotumia vitani vichwa vinavyopanuka mwilini, kwa kuwa ni ukatili kwa askari. Ndipo majeshi yakabaki na vichwa vilivyofungwa ncha, na vichwa hivyo vikasambaa kwa wingi na kwa bei nafuu. Kwa mawindo hesabu ni kinyume. Askari aliyetobolewa anaweza kubebwa hospitali. Kongoni hana hospitali. Uingereza, sheria ya kulungu ya mwaka 1991 inamkataza mtu kumpiga kulungu kwa kichwa kisicho na ncha laini au tundu nchani, na kwa aina nyingi za kulungu inadai bunduki isiwe chini ya kipenyo cha inchi .240 wala nguvu ya risasi mdomoni mwa mtutu isiwe chini ya jouli 2,305. Bunduki ya Kijana inatoa zaidi ya jouli 3,500. Nguvu alikuwa nayo, ila ilipita ikaenda zake.

Sababu ya dini sikuwa na elimu ya kuijibu. Mzee alikwenda kwa shehe wake. Alirudi na jibu kwamba kwa wanazuoni wengi, mwindaji akitaja jina la Mungu wakati wa kufyatua, na risasi ikatoboa, mnyama akifa kabla ya kufikiwa ni halali. Akikutwa bado na uhai, achinjwe. Mzee alikaa kimya, kisha akasema, "Miaka yote hii nimekuwa nikiwachelewesha kufa." Sitasahau sauti yake.

Majaribio tuliyafanya kwenye uwanja wa shabaha, kwa kibali, kwa madumu ya maji ya lita 20 yaliyopangwa mstari mmoja. Tulijaribu aina tatu. Kile kilichofungwa ncha kilipita madumu yote manne na kuzama kwenye tuta la udongo. Chenye ncha laini cha greni 150, koti jembamba, kilipasua dumu la kwanza kwa kishindo cha kutisha, na kwenye la pili tukakuta vipande vipande. Mzee alikipenda. Mimi nilikikataa: kifuani kwa swala mdogo kingefaa, lakini kwenye mfupa wa bega la kongoni mwenye kilo zaidi ya 150 kinaweza kuvunjikia juu juu na kuacha jeraha pana lisilofika ndani. Cha tatu kilikuwa greni 180, karibu gramu 11.7, ncha laini, kiini cha ndani kimeunganishwa na koti lake visiachane. Tulikikuta kwenye dumu la tatu kikiwa kizima, kimefunguka na kujikunja kama kofia ya uyoga. Hicho ndicho kilichochaguliwa.

Tatizo hilo la vichwa kuvunjika ni la zamani. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler aliwinda mosi, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, huko British Columbia nchini Kanada. Vichwa vyake vya kasi vikapasukia kwenye ngozi nene iliyoganda matope, visifike ndani. Alirudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele ifunguke, nusu ya nyuma ibaki nzima isukume. Mahitaji ya kongoni wetu ni yale yale: kichwa kifunguke, na kifike.

Kubadili kichwa kulitulazimu kuirekebisha darubini upya. Kwa mita 100 greni 180 zilipiga chini ya pale greni 150 zilipokuwa zikipiga, na pembeni kidogo. Kijana alishangaa. Wengi hushangaa, halafu wanasema bunduki imeharibika.

Msimu uliofuata

Watu walikuwa wale wale, na leseni kama ile. Kongoni wa kwanza alipigwa kwa mita 95, amekaa ubavu, hakuna kitu nyuma yake. Kijana alisema bismillahi kwa sauti tuliyoisikia sote, akafyatua. Dume lilikimbia hatua 60 hivi likaanguka likionekana. Hatukukimbia. Tulikaa chini dakika kumi na tano, Mzee akiwa na kisu mapajani. Tulipofika macho yalikuwa yametulia. Mzee alichinja hata hivyo ili damu iliyobaki itoke.

Wa pili alisimama kimshazari, na Kijana alikumbuka kulenga ili kichwa kitokee kwenye mguu wa mbele wa upande wa pili, si kupiga katikati ya ubavu unaoonekana. Alianguka pale pale. Damu ya yule wa kwanza hata mtoto angeifuata, ilikuwa imetanda kwenye nyasi pande mbili.

Swala pala hakwenda vizuri. Alipigwa kwa mita 60, alikufa papo hapo, lakini kichwa kiligonga mfupa wa bega. Nilitupa nyama nyingi ya mkono ule, yote imevilia damu. Mzee alinitazama bila kusema kitu, na alikuwa na haki ya kunitazama hivyo, kwa sababu hofu yake ya pili ilikuwa ya kweli.

Yaliyofaa, yaliyoshindikana

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, si kichwa kipya peke yake. Ni kwamba chaguo lilianza kwa mnyama: uzito wake, unene wa mfupa, umbali tunaompigia, kisha ndipo likaja duka. Mara ya kwanza lilianza kwa bei na kuishia kwa kisu. Kungoja kabla ya kufuata nako kulisaidia sana, na hakukugharimu chochote.

Nyama ya swala ingepona kwa kulenga nyuma kidogo ya bega, kwenye mapafu tu, kwa kuwa kwa mnyama wa kilo 50 hivi hakuna haja ya kuvunja mfupa. Hilo ni kosa la mafunzo, na mafunzo yale nilitoa mimi. Tulimzoeza Kijana kwa kongoni, akampiga swala kama kongoni.

Solidi nazo zina mahali pake. Kwa tembo na kiboko zinahitajika, kwani mfupa wa fuvu lao hauvukwi na kitu laini. Kwa nyati wawindaji wengi wa .375, bunduki nene kuliko ya Kijana, huanza na ncha laini na kuendelea na solidi. Kwa swala wa aina yoyote sioni kazi yake.

Limebaki suala la madini ya risasi. Kichwa chenye ncha laini huacha chembe ndogo kwenye nyama, nyingine ndogo mno hazionekani kwa macho wala hazisikiki kwa jino, na husambaa mbali na njia ya jeraha. Risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Tumbusi wanaokula matumbo tunayoyaacha porini hudhurika vilevile. Jimbo la California lilikataza risasi hizo kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019, kwa sehemu kubwa kuwaokoa ndege wa jamii hiyo. Mimi sasa hukata na kutupa upana wa shubiri kuzunguka jeraha, nyama hiyo simpi hata mbwa, na matumbo nayafukia.

Vichwa vya shaba tupu vingeondoa tatizo hilo. Hufunguka kama ua, havivunjiki, lakini vinahitaji kasi ili vifunguke, na shaba ni nyepesi kuliko risasi, hivyo kwa .30-06 ningechagua greni 150 au 165 badala ya 180. Kijana ameulizia kwa muuzaji wake. Ameambiwa aagizie na asubiri, na bei aliyotajiwa ilimfanya Mzee aulize mara mbili. Hata hivyo Mzee ndiye aliyetoa nusu ya fedha. Nyumbani kwake kuna wajukuu watano, na wote wanakula nyama ya kongoni.

Pakiti ya zamani ilikuwa na risasi 14 zilizobaki. Kijana anazitumia kwenye uwanja wa shabaha, moja moja, kujifunza kufyatua bila kushtuka.